Neno ‘cry’ la Kiingereza: Kulia, Kuita na Kupiga Yowe

1. Utangulizi

Maneno marefu ya kitaalamu hayamponzi sana mfasiri. Akikutana nayo husimama, hufungua kamusi, huuliza wenzake, na mwishowe hupata neno au huliunda. Yanayomponza ni maneno mafupi ya kila siku, yale ambayo kila aliyesoma Kiingereza kwa miaka miwili huona amekwisha kuyamaliza. Mojawapo ya hayo ni kitenzi ‘cry’, pamoja na nomino yake yenye umbo lilo hilo. Mwulize mwanafunzi maana yake naye atakujibu papo hapo: kulia. Jibu hilo ni sahihi kwa sehemu, na ndiyo sababu linadumu. Lingekuwa kosa tupu, lingalikwisha kusahihishwa zamani.

Makala haya yanakusudia kulichunguza neno hilo kwa faida ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, ambao kazi zao huwalazimu kuvuka kutoka Kiingereza kuingia Kiswahili, au kurudi njia ile ile, mara nyingi kwa siku na mara nyingi kwa haraka. Tutaanza na asili ya neno, kisha tutatazama kitenzi chetu “lia” na jamaa zake, halafu tutaingia mahali ambapo tafsiri mbovu ya neno hili huleta madhara, hasa mahakamani. Mwisho tutatoa mapendekezo machache.

Hoja yetu kuu yaweza kuelezwa kwa ufupi. Neno ‘cry’, katika maana yake ya kwanza, ni sauti inayopelekwa kwa msikilizaji. Kitenzi “lia” ni sauti inayotoka katika mtu au kitu, msikilizaji awepo asiwepo. Maneno hayo mawili hukutana penye machozi, na machozi hayo ndiyo yanayotufanya tudhani kwamba maneno yenyewe ni sawa.

2. Asili ya neno

Neno ‘cry’ liliingia katika Kiingereza mnamo karne ya 13 kutoka Kifaransa, ambako kitenzi chake ni ‘crier’. Nacho Kifaransa kilirithi kitenzi hicho kutoka Kilatini, ambamo kulikuwa na neno ‘quiritare’, maana yake kupaza sauti kwa kulalamika au kwa kuomba msaada. Varro, mwanachuoni wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, alieleza kwamba neno hilo lilitokana na ‘Quirites’, jina ambalo Warumi walijiita kwalo kama raia wa mji mmoja. Kwa maelezo yake, ‘quiritare’ ni kuwaita raia wenzako waje wakusaidie. Wataalamu wa siku hizi wana shaka juu ya maelezo hayo, na baadhi yao wanaona kuwa neno lilizaliwa kwa kuigiza sauti tu. Hata hivyo, maelezo ya Varro yana manufaa kwetu, kwani yanaonyesha jinsi Mrumi mwenyewe alivyolisikia neno lake: alisikia ndani yake mwito kwa jirani.

Wakati huo Waingereza walikuwa na neno lao la asili la kutoa machozi, nalo ni ‘weep’. Kwa muda mrefu maneno hayo mawili yaligawana kazi: aliyetoa machozi alikuwa na ‘weep’, na aliyepaza sauti alikuwa na ‘cry’. Ilipofika karne ya 16, ‘cry’ lilianza kutumika pia kwa machozi. Tangu hapo limekuwa likiisukuma ‘weep’ pembeni, hata leo ‘weep’ ni neno la vitabuni na la mashairi, na ‘cry’ ndilo la nyumbani na la barabarani. Lakini kazi yake ya kwanza halikuiacha. Linabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Yafaa ikumbukwe kwamba Kifaransa hakikufuata njia hiyo. Kwa Wafaransa, ‘crier’ ni kupaza sauti tu, na kulia machozi ni ‘pleurer’. Kwa hiyo ndugu zetu wa Kongo, wanaofasiri kutoka Kifaransa kuingia Kiswahili, hawasumbuliwi na tatizo hili. Maandishi wanayoyafasiri yamekwisha kuwachagulia njia. Sisi tunaofasiri kutoka Kiingereza hatuna budi kuchagua wenyewe kila mara.

Maana ya zamani inaonekana wazi katika sheria za Uingereza. Mwaka 1285, katika enzi ya Mfalme Edward wa Kwanza, ilitungwa sheria ya Winchester ambayo ilithibitisha desturi iitwayo ‘hue and cry’. Kwa desturi hiyo, mtu aliyeibiwa au aliyeona uhalifu alipaswa kupaza sauti, na wote walioisikia walipaswa kuacha kazi zao na kumfuata mhalifu, kutoka kijiji hadi kijiji, mpaka akamatwe. Wakazi wa eneo walioshindwa kumkamata mnyang’anyi waliweza kudaiwa hasara aliyoipata mtu aliyenyang’anywa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1827, lakini usemi umebaki, na siku hizi maana yake ni makelele ya umma dhidi ya jambo fulani. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana juu ya desturi kama hiyo. Anaijua kwa jina jingine.

3. Kitenzi “lia” na jamaa zake

Sasa tugeukie lugha yetu. Kitenzi “lia” ni cha Kibantu asilia, na maana yake ya msingi ni kutoa sauti. Kengele hulia, ngoma hulia, bunduki hulia, mlango usiotiwa mafuta hulia, na tumbo la mwenye njaa hulia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye machozi, wala chenye nia ya kumwita mtu. Mtu naye hulia, na kwa kuwa sauti ya mtu mwenye uchungu huandamana na machozi, maana ya machozi ikaingia. Tunapotaka kuhakikisha kwamba machozi ndiyo yanayotajwa, lugha yenyewe hutulazimu kuongeza neno: “alilia machozi”, “alitokwa na machozi”, “alibubujikwa na machozi”.

Mtoto mchanga ni shahidi mzuri wa jambo hili. Katika majuma yake ya kwanza hulia kwa nguvu bila kutoa chozi, kwa sababu tezi za machozi bado hazijakomaa. Kilio hicho ni dalili ya uhai. Katika kipimo cha hali ya mtoto anapozaliwa, ambacho daktari Virginia Apgar wa Marekani alikitangaza mwaka 1953, nguvu ya kilio ni miongoni mwa mambo yanayotazamwa. Muuguzi anayefasiri fomu ya kliniki na kuandika kwamba mtoto “alilia mara baada ya kuzaliwa” amefasiri vizuri kabisa. Hapa ‘cry’ na “lia” vinalingana bila kupungua wala kuzidi.

Kutokana na “lia” tumepata maneno mengi, na kila moja lina mahali pake:

(a) “Mlio” ni sauti ya kitu au mnyama. Haufai kwa mtu, isipokuwa kwa kejeli.

(b) “Kilio” kina maana tatu: sauti ya mtu anayelia, msiba wenyewe, na malalamiko ya watu wenye shida. Tunasema mtu “ana kilio” tukimaanisha amefiwa, na tunasema “kilio cha wakulima” tukimaanisha dai lao. Methali yasema, kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia.

(c) “Lilia” humtambulisha anayelengwa. Mtu humlilia marehemu, na mtu humlilia mkubwa wake amwonee huruma. Mtoto akililia wembe, mpe. Umbo hili ndilo linaloikaribia zaidi maana ya kwanza ya ‘cry’, kwa sababu ndani yake mna mtu au kitu kinachoelekewa na sauti.

(d) “Lia na” ni kulaumu. Anayesema “nalia na wewe” anamshitaki aliye mbele yake, hata kama macho yake ni makavu. Mfasiri wa Kiingereza akiyapeleka maneno hayo kama yalivyo, atawafanya watu wawili walie pamoja, hali wanagombana.

(e) “Lia ngoa” ni kuona wivu.

Kadhalika, Kiswahili kina hazina ya maneno ya kutofautisha aina za kilio. Anayelia kwa pumzi za kukatikakatika analia kwa kwikwi. Anayelia kwa sauti ya chini anasinasina. Anayeguna kwa maumivu, kama mama katika uchungu wa uzazi, anapiga kite. Anayelia juu ya maiti na kuzitaja sifa zake anaomboleza. Mfasiri anayeandika “alilia” mahali pote hapo, kwa sababu tu kamusi yake imeanza na neno hilo, amewanyang’anya wasomaji mali yao wenyewe.

4. Maneno ya kuita

Kwa sauti ya kuita msaada, Kiswahili hakitumii “lia” hata kidogo. Kinatumia kitenzi “piga” pamoja na nomino maalumu: kupiga yowe au mayowe, kupiga ukunga, kupiga ukemi, kupiga ukwenzi, kupiga mwano. Maneno haya yanatofautiana kwa mahali na kwa namna ya sauti. Yowe ndilo linaloeleweka kila mahali. Ukunga husikika zaidi katika maandishi na katika usemi wa wazee wa pwani. Ukwenzi ni sauti nyembamba na kali. Mwano unajulikana sana bara, na vikundi vya Sungusungu vilipoanza Usukumani na Unyamwezini mapema katika miaka ya 1980, mwano ulikuwa njia mojawapo ya kuwakusanya watu dhidi ya wezi wa ng’ombe.

Yote haya yana sifa moja. Ni sauti zenye wajibu ndani yake. Yowe likipigwa kijijini, aliyelisikia hutoka, na asiyetoka huulizwa kesho yake alikuwa wapi. Anayelipiga naye ana wajibu: asilipige pasipo sababu, kwani watu hawatatoka mara ya pili. Kwa hiyo kupiga yowe ni kitendo cha kijamii kinachofanana na kutoa taarifa. Kulia ni jambo linalompata mtu.

Sauti ya kutangaza nayo ina maneno yake. Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Aliyeitwa na Waingereza ‘town crier’, yaani yule aliyetembea mjini akitangaza amri za serikali na habari za mji, kwetu ni mpiga mbiu. Mchuuzi anayeitangaza bidhaa yake kwa sauti ananadi, na neno hilo, lenye asili ya Kiarabu, kiini chake ni kuita. Kutokana nalo tumepata mnada. Ajabu ni kwamba Wafaransa nao wamefika mahali hapo hapo kwa njia yao: mnada wa samaki katika bandari zao huitwa ‘criée’, kutokana na kitenzi kile kile cha kupaza sauti. Basi Mwingereza anaposema kwamba mchuuzi ana-‘cry’ samaki wake, mfasiri asimwonee huruma mchuuzi huyo. Anafanya biashara.

5. Mahakamani

Mpaka hapa msomaji aweza kuona kwamba jambo hili ni la ladha ya lugha tu. Lakini kuna mahali ambapo tofauti kati ya kulia na kupiga yowe yaweza kuamua hatima ya mtu.

Nchini Tanzania lugha ya mahakama za mwanzo ni Kiswahili, kama inavyotajwa katika Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984. Katika mahakama za juu yake, kwa miaka mingi kumbukumbu ziliandikwa kwa Kiingereza. Shahidi alisema kwa Kiswahili, na hakimu, huku akisikiliza, aliandika kwa Kiingereza kwa mkono wake. Yaani hakimu alikuwa mfasiri pia, bila kuitwa kwa jina hilo na bila muda wa kufikiri. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, isipokuwa pale maslahi ya haki yanapohitaji Kiingereza. Mabadiliko hayo yameleta kazi mpya. Hukumu na kumbukumbu za miaka iliyopita zilizo katika Kiingereza huhitajika tena, na safari hii hurudishwa katika lugha ambayo maneno yalitamkwa kwayo mwanzoni.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke aliyevamiwa usiku nyumbani kwake anasema kizimbani: “Nilipiga yowe, majirani wakaja.” Anayeandika anatafuta neno la haraka na kuandika kwa Kiingereza kwamba mwanamke huyo ali-‘cry’, na majirani wakaja. Kwa Mwingereza wa karne ya 14 kumbukumbu hiyo ingetosha. Kwa msomaji wa leo, maana inayomjia kwanza ni machozi. Miaka kadhaa baadaye rufani inasikilizwa, na wakili anauliza: ikiwa huyu mama alikuwa akilia tu, majirani walimsikiaje hata wakaja? Na kwa nini hakuita watu? Kisha mfasiri anaipokea kumbukumbu hiyo na kuandika kwa Kiswahili: “Nililia, majirani wakaja.” Maneno yamekwenda ng’ambo na kurudi, na njiani kitendo cha kuomba msaada kimegeuka kuwa uchungu wa moyoni. Shahidi hakubadili ushahidi wake. Umebadilishwa na wafasiri wawili ambao kila mmoja alitumia neno lililomo katika kamusi.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi tukikumbuka kwamba mahakama hupenda kujua kama yowe lilipigwa, nani alilisikia, na walifika baada ya muda gani. Kuja kwa majirani ni sehemu ya ushahidi, na jirani aliyesikia yowe anaweza kuitwa kueleza alichokikuta. Bila shaka si kila aliyevamiwa huweza kupiga yowe. Wengine hofu huwaziba sauti, na kunyamaza kwao hakumaanishi kuridhia. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, aliyepiga yowe asinyang’anywe yowe lake, na aliyelia kimya asipewe yowe ambalo hakulipiga.

Kwa anayefasiri kutoka Kiswahili kuingia Kiingereza, njia imekwisha kutengenezwa. Kiingereza cha Afrika Mashariki kina usemi ‘raise an alarm’, nao umezoeleka mahakamani na katika vituo vya polisi kwa maana ya kupiga yowe. Usemi huo hauna machozi ndani yake, na unaonyesha kwamba watu waliitwa. Yafaa utumiwe daima.

Kwa anayefasiri kutoka Kiingereza, kazi ni ngumu zaidi. Inambidi asome mbele na nyuma ya neno. Ikiwa sentensi inayofuata inaeleza kwamba watu walikuja, au kwamba mshitakiwa alimziba mdomo, au kwamba alikimbia, basi yowe linaelekea kuwa ndilo lililokusudiwa. Ikiwa maandishi hayasaidii, asijitwike kazi ya hakimu kwa kuchagua. Aandike “alitoa kilio”, maana kilio chaweza kuwa cha machozi na chaweza kuwa cha kuomba, kisha aeleze katika tanbihi kwamba neno la Kiingereza lina maana mbili.

Mfano mwingine wa namna hiyo ni habari za mwizi. Kiingereza husema kwamba watu wali-‘cry thief’. Tumewahi kuona wanafunzi wakiandika “watu walilia mwizi”, maneno ambayo hayana maana. Kiswahili kina usemi wake kamili: mtu huyo “alipigiwa kelele za mwizi”. Na katika usemi huo umo mzigo wote wa jambo lenyewe, kwani wasomaji wetu wanajua yanayoweza kumpata mtu aliyepigiwa kelele hizo, awe ameiba au hakuiba.

6. Katika riwaya na tamthilia

Waandishi wa riwaya za Kiingereza wa karne ya 19 walilitumia neno ‘cry’ kwa namna ambayo walimu wa fasihi hawana budi kuieleza darasani. Mhusika anaposema jambo kwa mshangao, kwa hasira au kwa furaha, mwandishi huandika maneno yake na kisha huongeza kwamba ali-‘cry’. Riwaya ya ‘Treasure Island’ ya Robert Louis Stevenson, iliyotoka katika umbo la kitabu mwaka 1883, imejaa matumizi hayo. Mabaharia wake ni watu wagumu, wauaji na walevi. Mfasiri akiandika “akalia” kila mahali, merikebu nzima itajaa machozi kabla haijafika kisiwani.

Hapa Kiswahili kina njia zake, nazo ni bora kuliko kutafuta kitenzi kimoja cha kulingana na ‘cry’. Kwanza, mfasiri aweza kuandika “akasema” tu, na kuuacha mshangao uonekane katika maneno ya mhusika mwenyewe, kwa kutumia viingizi ambavyo lugha yetu imejaliwa kuwa navyo kwa wingi: lo, ala, ebo, masalale, ole wangu, yarabi. Pili, aweza kutumia “akamaka” kwa mshangao, “akafoka” kwa hasira, “akapaza sauti” kwa umbali, “akashangilia” kwa furaha. Kitenzi kichaguliwe kwa kufuata hali ya moyo, maana Kiingereza kimeificha hali hiyo nyuma ya neno moja, na Kiswahili hupenda kuidhihirisha.

Katika tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri na kuitoa mwaka 1963, kisha akaitoa tena kwa kuisahihisha mwaka 1969, kuna mahali panapofaa sana kwa somo hili. Katika hotuba yake kwenye mazishi, Antony anataja maskini wa Roma na anamtaja marehemu. Maskini amewapa kitenzi ‘cry’, na marehemu amempa kitenzi ‘weep’. Msomaji wa haraka atadhani kwamba mshairi amekwepa kurudia neno. Lakini wakati wa Shakespeare tofauti ilikuwa bado hai: maskini walitoa kilio chao ili kisikike, na mkubwa aliyekisikia akatokwa na machozi. Hoja ya Antony, kwamba mtu mwenye moyo kama huo hawezi kuwa na tamaa ya utawala, imejengwa juu ya tofauti hiyo. Anayefasiri vitenzi vyote viwili kwa “lia” anaibomoa hoja.

7. Misemo

Misemo iliyozaliwa na neno hili haiwezi kufasiriwa neno kwa neno. Ifuatayo ni baadhi ya ile inayokutwa mara nyingi katika magazeti, barua za serikali na vitabu vya shule, pamoja na tafsiri tunazoziona zinafaa:

(a) ‘Cry wolf’ umetokana na hekaya ya Aesop ya mtoto mchungaji aliyewaita watu mara nyingi kwa uongo. Tafsiri: kupiga yowe la uongo.

(b) ‘War cry’ ni ukelele wa vita. Katika siasa, ‘rallying cry’ ni wito au kaulimbiu ya kuwaunganisha watu.

(c) ‘Outcry’, au ‘public outcry’, ni malalamiko ya umma, au kelele za wananchi. “Kilio cha wananchi” kitumiwe pale wananchi wanapoomba, na “kelele” pale wanapopinga.

(d) ‘A crying need’ ni haja kubwa isiyoweza kunyamaziwa.

(e) ‘A far cry from’ ni kuwa mbali sana na jambo fulani. Usemi huu wa Kiskochi ulitokana na umbali ambao sauti ya mtu huweza kufika. Tafsiri: tofauti kabisa na, au mbali kabisa na.

(f) ‘A cry for help’ ni yowe la kuomba msaada kwa maana halisi. Kwa maana ya mafumbo, kama wanavyoitumia washauri wa magonjwa ya akili, ni “kilio cha kuomba msaada”, kwa sababu hapo mtu huenda hajatoa sauti yoyote.

8. Kilio cha furaha

Jambo moja limebaki, nalo linahusu safari ya kutoka kwetu kwenda kwao. Kiingereza hakina neno la kila siku la vigelegele. Wafasiri huandika ‘cries of joy’, au hutumia neno la kitaalamu ‘ululation’. Neno hili la pili lina asili ya Kilatini, ‘ululare’, lililotumiwa kwa mbwa mwitu na kwa watu wanaoomboleza pia. Msomaji wa mbali asiyeijua desturi yetu akiona kwamba wanawake wali-‘ululate’ baada ya mtoto kuzaliwa, huenda akadhani mtoto amekufa. Ni heri kuliacha neno “vigelegele” kama lilivyo, na kulieleza mara moja kwa sentensi fupi, kuliko kumpa msomaji neno ambalo kwake linanukia msiba. Lugha nyingine zimewahi kuipa Kiingereza maneno ya mambo ambayo Waingereza hawakuwa nayo, na Kiswahili chaweza kufanya vivyo hivyo.

9. Mapendekezo

Kutokana na yaliyoelezwa, twapendekeza kwamba kila anayekutana na neno ‘cry’ ajiulize maswali matatu, kwa utaratibu huu:

Kwanza, sauti hii imeelekezwa kwa nani? Ikiwa imeelekezwa kwa watu ili waje, ni yowe, ukunga au mwano. Ikiwa imeelekezwa kwa watu ili wajue, ni mbiu au kunadi. Ikiwa imeelekezwa kwa mwenye uwezo ili aone huruma, ni kilio, na kitenzi chake ni “lilia”.

Pili, je, sauti ina maneno ndani yake? Ikiwa yapo, tafuta kitenzi cha kusema kinacholingana na hali ya msemaji, au uandike “akasema” na kuviachia viingizi kazi hiyo.

Tatu, je, kuna machozi? Swali hili liwe la mwisho, ingawa ndilo linalotujia kwanza. Ikiwa machozi yapo na hakuna anayeitwa, hapo “lia” ni neno letu, pamoja na kwikwi, kusinasina na kuomboleza kwa kadiri ya hali.

Kwa walimu, tunashauri neno hili lisifundishwe tena kwa kulipachika tafsiri moja ubaoni. Lifundishwe kwa sentensi sita au saba zenye maana mbalimbali, na wanafunzi watakiwe kueleza nani anasikiliza katika kila sentensi. Kwa watengeneza kamusi, tunashauri kwamba maana ya kupaza sauti itangulizwe, na maana ya machozi ifuate, kama historia ya neno inavyodai. Kwa makarani na wakalimani wa mahakama, tunashauri iandaliwe orodha fupi ya maneno ya Kiswahili yanayotaja sauti za watu, pamoja na tafsiri zilizokubaliwa, ili shahidi wa Newala na shahidi wa Ngara waandikwe kwa kipimo kimoja.

10. Hitimisho

Tumeona kwamba neno ‘cry’ lilianza kama mwito, likaongezewa machozi baadaye, na kwamba Kiswahili kimevitenga vitu hivyo viwili tangu zamani kwa vitenzi mbalimbali. Utajiri huo si mzigo kwa mfasiri. Ni msaada kwake, mradi aukumbuke kabla ya kuandika neno la kwanza linalomjia. Aliyepiga yowe alitaka asikike, na mfasiri ni mmoja wa watu waliolisikia yowe hilo. Wajibu wake ni kulifikisha likiwa bado ni yowe.